Leso ya Karatasi: Mwongozo wa Kutazama na Kutengeneza Sanaa Nyumbani Wakati wa Janga

Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa kwa sababu ya korona. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka, na amri hiyo ilikuja juu ya nyingine mbili: kafyu ya usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi, na zuio la kuingia au kutoka Mombasa, lililoanza tarehe 8 Aprili. Fort Jesus, ambayo watoto wetu huipita kila siku wakienda kucheza, ilikuwa imefunga milango, na harusi, ambazo ndizo maonyesho yetu makubwa ya leso (kanga), hina na mapambo, zilikuwa zimesimama. Katika siku zile nilifungua sanduku la marehemu bibi yangu, nikatoa leso moja baada ya nyingine, na nikatambua kwamba kwa miaka yote niliyozifunga, kuzifua na kuzianika, sikuwa nimeketi hata mara moja kuitazama leso kama mtu anavyoitazama picha iliyotundikwa ukutani.

Mwongozo huu umetokana na siku hizo. Nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyefungiwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza, awe mzima au amejitenga chumbani, ambaye ana simu, ana jiko la kawaida, na hana fedha za kununulia vifaa vya wachoraji. Nimeupanga kwa hatua, na mpangilio wenyewe una maana: tunatazama kwanza, kisha tunaiga, kisha ndipo tunatengeneza kilicho chetu. Wengi huiruka hatua ya kutazama, na kwa niliyoyaona mimi, hao ndio wanaoacha siku ya pili wakisema hawakujaliwa kipaji.

Hatua ya kwanza: tenga mahali na saa

Huhitaji chumba kizima. Unahitaji meza ndogo au sinia kubwa lililotandikwa gazeti, karibu na dirisha, mahali ambapo kazi inaweza kubaki mpaka kesho bila kuondolewa ili chakula kiandaliwe. Ikiwa hakuna mahali kama hapo, sinia ndilo bora, kwa sababu linanyanyuliwa pamoja na kila kilicho juu yake na kuwekwa juu ya kabati. Saa ninayoipendekeza ni baada ya alasiri, wakati jua limepungua ukali na mwanga wa dirishani umetulia, lakini muhimu zaidi ni kwamba iwe saa ile ile kila siku. Siku za kufungiwa hufanana mno, na saa moja yenye kazi yake maalumu huipa siku mahali pa kushikia.

Hatua ya pili: tazama kitu kimoja kwa dakika 20

Makumbusho mengi yameweka hazina zao kwenye intaneti bila malipo. Rijksmuseum ya Amsterdam ina mamia ya maelfu ya picha zinazoweza kupakuliwa kwa ubora wa juu, na mwezi ule ule wa Mei 2020 ilitoa picha ya De Nachtwacht, mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642, iliyounganishwa kutokana na picha 528, hivi kwamba mtu aliye Mombasa anaweza kuusogelea hadi akaona nyufa ndogo za rangi. Metropolitan Museum ya New York iliachia huru picha zaidi ya 375,000 za kazi zake mwaka 2017. British Museum ya London ina kanga za Afrika Mashariki katika orodha yake ya intaneti. Andika neno kanga katika sehemu ya kutafutia, nawe utaziona.

Wingi huo ni neema, lakini unachosha. Mtu hupitisha kidole juu ya picha 100 kwa nusu saa, bando linakwisha, na akiulizwa ameona nini hana la kujibu. Kwa hiyo chagua picha moja tu, ipakue, kisha zima data. Umeokoa fedha, na umejifungia na picha yako pasipo kitu kingine cha kukuita.

Sasa itazame mara tatu. Mara ya kwanza usisome maelezo yoyote: acha jicho litembee lenyewe, na ujiulize limekwenda wapi kwanza na limekwama wapi. Mara ya pili kuza picha na uipitie kwa vipande, kuanzia pembe ya juu hadi ya chini, kama mtu anayechambua mchele, maana pembeni ndiko mchoraji alikoficha mambo. Mara ya tatu funga simu, chukua penseli, na uchore kile unachokikumbuka. Mchoro huo hautapendeza, wala haukukusudiwa kupendeza. Kazi yake ni kukuonyesha ulichokiona na usichokiona. Fungua simu tena, linganisha, na utaona jinsi jicho linavyoamka.

Asiye na bando afanye hivyo hivyo kwa kitu kilichomo nyumbani: mlango wa kuchonga, mkeka wa ukili, sahani ya zamani, zulia la kuswalia. Mimi nilianza na kisutu cha bibi, ile leso ya arusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo nilidhani naijua kwa moyo. Nilipoisogeza dirishani niliona kwamba rangi nyeusi haikukaa sawasawa na nyekundu. Kila alama nyeusi ilikuwa imesogea kidogo mno kuelekea kulia, ikaacha upande wa kushoto ukingo mweupe mwembamba kama uzi, na ukingo huo ulirudiwa kuanzia pindo moja hadi jingine. Kiwandani huenda lilikuwa kosa la kupiga chapa. Kwangu ulikuwa ndio uhai wa leso ile, kwa sababu macho yalipokaa juu yake kwa muda, alama zote zilionekana kama zimeinuka kidogo kutoka kitambaani.

Hatua ya tatu: iga picha kwa vitu vitatu

Mwezi Machi 2020 ukurasa mmoja wa Instagram kutoka Uholanzi ulianza kuwaalika watu kuiga michoro maarufu kwa vitu vya nyumbani, na tarehe 25 mwezi huo makumbusho ya Getty ya Los Angeles yakaupeleka mwaliko huo kwa ulimwengu. Kanuni ni nyepesi: chagua kazi ya sanaa, tafuta vitu vitatu vilivyo karibu nawe, tengeneza picha hiyo upya. Hatua hii ninaipenda kwa sababu inafaa familia nzima na haidai kipaji cha mkono, bali inadai uwe umetazama vizuri.

Chukua mfano wa msichana mwenye hereni ya lulu, aliyechorwa na Vermeer mnamo 1665, anayehifadhiwa Mauritshuis, The Hague. Kichwani ana kilemba cha buluu, na kitambaa cha manjano kinachoning'inia nyuma. Nyumba ya Mswahili haikosi leso mbili za rangi hizo. Buibui jeusi lililotundikwa nyuma linatosha kuwa giza la ukuta, na mgongo wa kijiko kidogo cha chuma uliofungwa kwa uzi karibu na sikio utashika mwanga kama lulu. Kazi ngumu ni mwanga wenyewe. Katika mchoro unatoka kushoto kwa mtazamaji, kwa hiyo mweke anayepigwa picha ili dirisha liwe upande huo, zima taa zote, usitumie mwanga wa simu, na umwambie ageuze kichwa kana kwamba ameitwa ghafla. Midomo iachane kidogo. Piga picha kadhaa huku ukisogeza pazia, ukiangalia kivuli kinavyosogea shavuni. Binti yangu alisimama dakika 15 bila kulalamika, na siku ya pili ndiye aliyenionyesha kwamba ndani ya ile lulu hakuna mstari wa mzingo, kuna mguso mmoja mweupe wa mwanga na mwangwi hafifu wa ukosi wa nguo kwa chini.

Hatua ya nne: tengeneza leso ya karatasi

Hapa ndipo penye kazi hasa, na nitakaa hapa kwa muda.

Leso ina sehemu tatu: pindo, ambalo ni mzunguko wa pembeni, mji, ambao ni uwanja wa katikati, na jina, yaani maneno yanayoandikwa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Kitambaa chenyewe kina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Ukigawa kwa tano unapata 30 kwa 22, na karatasi ya kawaida ya A4 ni 29.7 kwa 21, kwa hiyo karatasi moja uliyo nayo tayari ni leso iliyopunguzwa. Ilaze kwa upana, na kwa penseli hafifu chora mstari wa ndani ulio sentimita 3 kutoka kila ukingo. Umepata pindo na mji.

Anza na jina, kabla ya rangi. Watu wengi huliacha mwisho, na matokeo yake maneno hubanwa mahali pasipotosha. Nami naona pia kwamba jina ndilo linaloamua mengine: leso ya kuomba radhi haiwi na mji wenye kelele. Usinukuu methali iliyokwisha kuchapwa mara elfu. Tunga yako, yenye maneno matatu au manne, kuhusu siku hizi na mtu unayemkusudia. Yangu ya kwanza nilimwandikia shangazi yangu aliyeko Muscat, ambaye tulikuwa tumemtarajia arusini: KUTENGANA SI KUSAHAULIANA. Hesabu herufi pamoja na nafasi, gawa urefu ulio nao, na uweke nukta ya penseli mahali pa kila herufi.

Kisha andaa rangi. Koroga kijiko kimoja cha mezani cha wanga, uwe wa muhogo au wa mahindi, katika robo kikombe cha maji baridi, umimine polepole ndani ya kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka uji uwe mzito na uanze kupitisha mwanga. Uache upoe. Wanga huu ndio unaoshika rangi isitiririke. Manjano yaliyochanganywa na maji matupu yataenea karatasini na kulifuta umbo lote.

Manjano ya jikoni, au binzari kama wenzetu wa Tanzania wanavyoyaita, hutoa rangi mbili. Changanya kijiko kimoja cha chai na vijiko vitatu vya wanga uliopoa, na unayo manjano ya dhahabu. Gawa nusu yake katika kikombe kingine. Loweka nusu kijiko cha chai cha magadi katika vijiko vinne vya maji, kisha udondoshe maji hayo tone baada ya tone ndani ya kile kikombe cha pili, na tazama: manjano yanageuka machoni pako kuwa nyekundu ya kahawia, kama tofali lililochomwa. Magadi hupunguza ukali wa asidi, na rangi iliyomo ndani ya manjano hubadilika kwa kufuata hali hiyo, hivyo ukidondosha ndimu juu yake inarudi tena kuwa manjano. Waite watoto waione kwa macho yao, lakini magadi uyashike wewe, na mikono ioshwe baadaye. Kwa rangi nyeusi, saga mkaa kwenye kinu, uchuje kwa kitambaa laini, uchanganye na wanga. Chai iliyochemshwa mpaka ikawa nzito hutoa kahawia nyepesi ya kupakia usuli. Tandaza gazeti la kutosha, kwa sababu manjano yakiingia kwenye nguo hayatoki kwa urahisi.

Sasa muhuri. Chagua mbatata ngumu isiyoanza kuchipua, uikate katikati kwa kisu kikali na kwa mkato mmoja, maana ukikata kwa kurudiarudia uso utakuwa na mawimbi na hautagusa karatasi yote. Pangusa maji kwa kitambaa na uache dakika tano. Chora juu yake umbo la korosho, lile lenye ncha iliyopinda ambalo limo katika leso nyingi, lenye urefu wa sentimita 2 hivi. Chonga kwa kukata nje ya mstari, kina cha nusu sentimita, kisha uondoe nyama ya pembeni kwa kuingiza kisu kutoka ubavuni. Nusu ya pili ya mbatata itengenezee umbo dogo la kujaza nafasi: tone, nyota, au duara lenye tundu. Ukumbuke kwamba muhuri hugeuza kila kitu kama kioo, korosho iliyoelekea kushoto itaelekea kulia, na kwa sababu hiyo jina liandikwe kwa mkono, usilichonge.

Usichovye muhuri ndani ya rangi. Paka rangi juu yake kwa brashi, au kwa kipande cha sifongo, tabaka jembamba, na ujaribu mara tatu kwenye gazeti kabla ya kugusa karatasi yako. Uushushe wima, ukandamize kwa kuhesabu hadi tatu, uunyanyue wima vilevile.

Kuhusu mpangilio wa pindo nilipata funzo kutoka Muscat. Leso yangu ya kwanza niliianza kona ya juu kushoto, nikazunguka korosho moja baada ya nyingine, na nilipofika nilikoanzia pakabaki nafasi isiyotosha korosho nzima wala isiyofaa kuachwa wazi. Niliipiga picha nikaituma hivyo hivyo. Shangazi alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, jina lako nimelilia. Lakini pindo lako halikukutana. Pindo huanza pembeni, uweke pembe zote nne kwanza, kisha uende katikati." Yeye alikuwa akitarizi kofia tangu ujana wake, na hesabu ya nafasi ameizoea vidoleni. Fanya kama alivyosema: gonga pembe nne, kisha alama ya kati ya kila upande, kisha ujaze kati ya alama hizo, na kama kuna tofauti igawe kidogo kidogo kwa kila nafasi badala ya kuibeba yote hadi mwisho.

Acha pindo likauke kabisa, kwa saa moja au zaidi, kabla ya kugonga rangi ya pili juu ya ya kwanza. Na hapo, ikiwa rangi ya pili itasogea kidogo na kuacha ukingo, usiifute. Kisutu cha bibi kilikuwa hivyo.

Mji ndio sehemu yenye uhuru zaidi, na sitaki kukuwekea kanuni nyingi. Unaweza kuweka umbo moja kubwa katikati, kama nanasi, birika au mlango, au ukatawanya maumbo madogo kwa safu. Acha tu nafasi ya kutosha kuzunguka jina ili lisomeke kutoka upande wa pili wa chumba. Jina lenyewe liandike mwisho, juu ya nukta zako za penseli, kwa kijiti cha kiberiti kilichochovywa katika rangi ya mkaa, kwa herufi kubwa.

Muhuri wa mbatata hudumu siku moja, siku mbili ukiufunga ndani ya kitambaa chenye maji na kuuweka mahali pa baridi. Baada ya hapo hulegea na kingo hupoteza ukali. Kipande cha muhogo mbichi ni kigumu zaidi kuchonga lakini hukaa muda mrefu kidogo.

Kwa aliye mgonjwa au aliyejitenga

Aliyelala chumbani peke yake hana nguvu za kuchonga. Mpe karatasi za rangi, magazeti ya zamani na mkasi mdogo. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na katika miaka iliyofuata, akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, alikata kwa mkasi karatasi ambazo wasaidizi wake walikuwa wamezipaka rangi, zikabandikwa ukutani kwa maelekezo yake. Mgonjwa wako anaweza kukata umbo moja kwa siku. Lipigwe picha huko huko chumbani, litumwe kwa simu, na aliye nje alichonge kwenye mbatata; hivyo wawili waliotenganishwa na mlango wanatengeneza leso moja. Watoto wakiwa wengi, kila mmoja awe na muhuri na brashi yake.

Kuhusu rangi za mafuta

Baadhi yenu mtatamani kujaribu mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vibao. Ni mtindo wenye furaha na unafundishika. Rangi hizo, hata hivyo, zina harufu kali, na nyumba iliyojaa watu wasioweza kutoka si mahali pake, hasa ikiwa kuna mwenye kikohozi au pumu. Zitumie barazani au juu ya sakafu ya paa, penye upepo. Usipokuwa na sehemu hiyo, chukua kanuni ya mtindo tu, yaani usuli wa rangi moja kwanza, kisha mnyama, kisha nukta na mistari juu yake, na uifanye kwa rangi za wanga.

Kutunza na kupeleka

Rangi ya manjano haistahimili jua. Leso niliyoibandika karibu na dirisha ilikuwa imepauka kabla ya mwezi kwisha, ilhali mkaa ulikuwa vilevile. Kwa hiyo piga picha siku ile ile kazi inapokauka, kwa mwanga wa asubuhi, simu ikiwa sambamba na karatasi ili pembe zisivutike, na utume picha hiyo kwa mwenye jina lake. Karatasi yenyewe ilaze ndani ya daftari kubwa au bahasha, mbali na unyevu, ikiwa na karatasi nyingine safi juu yake, kwa sababu wanga huvutia wadudu ukiachwa wazi. Nyuma yake andika kwa penseli, maana wino hupenya mpaka upande wa pili: tarehe, mahali, rangi ulizotumia, nani alichonga, na imekusudiwa nani.